Sharjeri Mbili za Mama Anaïs

Mama Anaïs hakununua bastola kwa sababu ya wizi. Aliinunua kwa sababu ya kicheko.

Wizi tulishauzoea. Ukiwa na duka la simu Cato Manor, Durban, hatua chache tu kutoka kwenye robot, taa za barabarani, wezi ni sehemu ya wateja. Mara ya kwanza walitoboa paa wakabeba simu za maonyesho, zile za plastiki tupu zisizo na kitu ndani, na hadi leo ninawaombea wapate mnunuzi mjinga kuliko wao. Mara ya pili waliingia mchana kweupe, vijana wawili na bastola moja. Mwenye bastola hakuwahi hata kufungua kinywa. Alipoiinua tu, Mama Anaïs alikuwa chini tayari: kifudifudi, shavu kwenye vigae, viganja juu ya kilemba, miguu imebanwa kama ya maiti iliyovalishwa vizuri.

Kijana akamtazama. Akamtazama mwenzake. Wakaangua kicheko.

"Hee! Huyu anti analala kabla hajaambiwa!"

Wakachukua simu, wakachukua na redio ya Séverin, fundi wetu, wakatoka bado wanacheka. Kupitia mlangoni nilimwona mmoja akimwigiza: akajitupa kando ya barabara, mikono kichwani, na mwenzake akajishika mbavu. Mimi na Séverin tulikuwa chini ya meza ya fundi, na hatukuwa tumejificha kishujaa hata kidogo, lakini sisi hakuna aliyetucheka kwa kuwa hakuna aliyetuona.

Mama Anaïs aliinuka, akapangusa sketi, akakiweka kilemba sawa. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko ile bastola:

"Hawakuniambia nilale. Umesikia, Hardy? Hawakuniambia."

Jina lake kamili ni Godelive Nshimirimana. Ni mdogo wa mama yangu, kwa hiyo namwita mama mdogo, ingawa ukimwona hakuna kidogo unachoweza kukionyesha kwa kidole. Alizaliwa Kamenge, Bujumbura, na alikuwa msichana wa shule vita ilipoanza. Huko watoto walijifunza kulala chini kama watoto wa kwingine wanavyojifunza kuogelea: mlio mmoja, na mwili mzima uko sakafuni kabla kichwa hakijauliza mlio umetoka wapi. Waliochelewa kujifunza hawakupewa mtihani wa marudio. Mwili wake ukajifunza, ukamtoa hai Burundi, ukampitisha kambini Tanzania, ukamfikisha Durban, na ulipofika hapa hakuna aliyeuambia kuwa kazi imekwisha. Ekzosi ya teksi ikilipuka, Mama Anaïs yuko chini. Fataki za Diwali, chini. Mwaka mmoja kanisani spika ilipasuka akalala katikati ya kwaya, na mchungaji akadhani ni Roho Mtakatifu, akaanza kumwekea mikono.

Mwaka 2015, wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, alilala kwenye hema la wakimbizi kule Chatsworth, yeye na binti yake Anaïs, ambaye sasa ni nesi Pretoria. Alirudi, akafungua duka upya. Yote hayo aliyabeba kimya. Kicheko ndicho kilichomshinda.

"Mimi sikimbii tena," alituambia jioni ile, "na silali tena. Mtu akitaka nilale, aniombe. Na mimi nitakataa."

Kutoka siku ile hadi bastola ilipomfikia mkononi ulipita mwaka na zaidi. Nchi hii haigawi silaha kama pipi, angalau si kwa wanaofuata sheria. Ukaazi wa kudumu alikuwa nao, shukrani kwa Mungu na foleni. Akasoma kozi, akafanya mtihani, akatoa alama za vidole, akajibu maswali kuhusu akili yake, na afisa akaja nyumbani kuhakikisha sefu imefungwa ukutani kwa bolti. Wale vijana wawili sidhani kama kuna aliyekwenda kukagua sefu yao. Mimi nilikuwa nikimpeleka kila mahali kwa gari. Diploma yangu ya umeme ilikatika katikati, kama umeme wenyewe wa nchi hii, na tangu hapo mimi ni dereva wake, mtunza stoo wake na shahidi wake. Kwa hiyo nashuhudia: hasira ya mwanamke yule haikupoa hata nyuzi moja. Aliihifadhi kama nyama kwenye friza.

Siku ya kuichukua, muuzaji wa silaha alimweleza kwa heshima zote kwamba bastola yake ni semi-automatic. Nikamtafsiria: nusu-otomatiki.

"Nusu?" Mama Anaïs akamkazia macho yule bwana. "Nusu nyingine iko wapi? Mimi nimelipa yote."

Nikaeleza kwamba risasi moja ikitoka, bastola inajipakia nyingine yenyewe, ila kila risasi lazima uvute triga upya.

"Basi waseme hivyo. Nusu iko kwa bunny chow, ule mkate wa kujazwa mchuzi unaouzwa nusu-nusu. Si kwa bastola."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha, kwenye vilima nyuma ya Pinetown, mahali walipochimba ubavu wa kilima wakaacha ukuta wa udongo wa kumeza risasi. Mama Anaïs alivaa sketi ya kanisani na kilemba cha kitenge, kwa sababu anasema mtu haendi kwenye jambo zito amevaa ovyo. Vile vikombe vikubwa vya kuziba masikio vikakataa kukaa juu ya kilemba. Akaombwa avue kilemba. Akawatazama kama watu walioomba avue ngozi. Wakamletea vizibo vidogo vya sifongo, akavisukuma masikioni huku akinung'unika kwamba hata dawa ya sikio hutiwa kwa adabu zaidi.

Mkufunzi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kuswalia na fulana yenye nembo ya uwanja.

"Naitwa Anko Faizel," alisema kwa Kiingereza. "Mzanzibari, kutoka Chatsworth."

Uso wa Mama Anaïs ulifunguka kama dirisha. Akavuta pumzi, akatoa Kiswahili ambacho sijawahi kumsikia nacho tangu nizaliwe, chenye shikamoo ndani yake.

"Shikamoo mzee wangu! Nimefurahi mno kukutana na Mzanzibari, maana lugha za humu zimenichosha. Iwapo hutajali, naomba unifundishe taratibu."

Anko Faizel akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Anasemaje?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa na kazi ya kumeza risasi. Anko akacheka kidogo, bila kelele.

"Anti, sisi tunaitwa Wazanzibari tu. Wazee wetu waliletwa hapa kwa meli, wakakaa upande wa Bluff, kisha serikali ya ubaguzi ikawahamisha Chatsworth. Zanzibar yenyewe sijawahi kuiona hata kwenye kalenda."

"Chatsworth naijua," Mama Anaïs alisema. "Nimelala huko kwenye hema." Kisha akanigeukia, akaninong'oneza: "Mzanzibari bila Kiswahili. Na huyu naye ni nusu."

Kuanzia hapo waliongea Kiingereza kilichovunjika mguu na Kizulu cha dukani, mimi nikishona katikati. Ninayaandika kwa Kiswahili ili tusiumie sote.

"Haya, Anti," Anko Faizel alianza. "Magazini yako iko wapi?"

"Cato Manor," alijibu Mama Anaïs. "Karibu na robot, mkabala na kituo cha mafuta."

Anko akafikiri. "Umeiacha huko?"

"Séverin anaiangalia."

"Umempa mtu mwingine magazini yako?"

"Ni fundi mwaminifu. Mtu wa Bukavu. Anasali."

Ilibidi niingilie kabla mzee hajapiga simu polisi. Kwetu Waburundi, na kwa Wakongo vilevile, magazini ni duka. Kile kisanduku chembamba cha chuma kinachobeba risasi, masasi kwa usemi wetu, kinachosukumwa ndani ya mpini wa bastola, sisi tunakiita sharjeri. Na kile cha kuchajia simu, ambacho Watanzania wanakiita chaja, nacho ni sharjeri. Wabelgiji walikuwa na neno moja kwa vyote viwili, wakaona litatutosha, wakapanda ndege.

"Hii," Anko alisema, akiinua kile kisanduku, "ni magazini."

"Hiyo ni sharjeri," alisema Mama Anaïs. "Wala usibishane na mimi, mzee. Nimeziona nyingi kabla yako."

Mzee hakubishana. Nadhani alisikia kitu katika ile sauti.

Mama Anaïs akapakia vizuri. Akakoki vizuri. Akasimama miguu imepanuka, mikono mbele, jicho kwenye karatasi ya shabaha, nami nikaanza kujivuna kama mzazi kwenye mahafali. Ndipo jamaa wa njia ya pembeni, jitu lenye kaptura na ndevu za kutosha familia nzima, lilipofyatua bastola yake.

Sikumwona akianguka. Nilimwona ameshalala. Kifudifudi kwenye changarawe, na bastola iliyojaa bado iko mkononi, mdomo wake ukitazama viatu vya Anko Faizel.

"Kidole," mzee alisema polepole, bila kusogeza mguu. "Anti. Kidole nje ya triga."

Kidole kilikuwa nje. Kozi ilikuwa imemwingia hadi hapo. Anko akapiga goti, akamwondolea bastola mkononi kama mtu anayemtoa mtoto usingizini, akachomoa magazini, akavuta sehemu ya juu, risasi ikaruka ikatua majanini. Ndipo akapumua.

Na yule mwenye ndevu akacheka.

"Anasali?" aliuliza.

Labda hakuwa na ubaya. Lakini Mama Anaïs hana mizani ya kupimia vicheko. Aliinuka ana changarawe shavuni.

"Hardy, mwambie huyo mwenye ndevu kwamba nikimwombea hatapenda jibu. Mwambie!"

Sikumwambia. Alikuwa na bastola, na mimi nina diploma nusu.

"Anti," Anko Faizel alisema, "hapa anayeanguka na silaha mkononi tunamrudisha nyumbani. Ndiyo sheria."

"Nirudishe! Nimefukuzwa na nchi nzima, wewe na kilima chako mtaniweza?" Alikuwa anapiga kelele sasa, na watu wa njia zote walikuwa wameteremsha silaha zao. "Nimelipa kozi. Nimelipa sefu. Nimengoja hadi nimesahau ninangoja nini. Nimekuja kusimama! Kusimama tu! Mtoto wa mwaka mmoja anasimama!"

"Sasa nani amekuambia ulale?"

Mzee aliuliza kwa nia njema, lakini aligusa palepale. Mama Anaïs aliuacha mstari. Akaenda akaketi kwenye benchi, akageuzia kilima mgongo. Mimi nikamsimulia Anko habari ya wale vijana wawili, na Kamenge, na spika ya kanisani. Alisikiliza huku anafuta bastola kwa kitambaa. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi lilelile, upande wa pili.

"Siwezi kukuachisha kulala," alimwambia. "Ningekuwa na dawa hiyo ningefungua hospitali. Ninachoweza ni kukufundisha ulale bila kuniua."

"Nilipe pesa nifundishwe kulala?" Mama Anaïs hakumgeukia. "Hiyo nilikuwa naifanya bure."

"Ulikuwa unaangushwa. Kulala ni kitu kingine."

Na kweli, Jumamosi baada ya Jumamosi, nilimpeleka mama yangu mdogo Pinetown akajifunze kulala. Goti la kulia. Goti la kushoto. Mdomo wa bastola haukiachi kilima. Kidole nje. Kiwiko, kisha tumbo. Kati ya hatua na hatua alikuwa anaweka tusi moja la Kirundi, na baada ya wiki chache hata Anko Faizel alikuwa akiyatumia kuhesabia bila kujua anasema nini. Bastola ilimng'ata kidole gumba iliporudi nyuma, naye akaipiga kofi. Ganda la risasi, la moto, liliruka likamtumbukia ndani ya blauzi, akacheza ngoma ambayo kwaya yake haijawahi kuiona. "Hata maganda yake yana tabia mbaya!" alifoka. Hakuwahi kutoka pale bila kugombana na kitu.

Jambo la ajabu ni kwamba akiwa amelala alikuwa hakosi. Tumbo chini, viwiko chini, alitoboa karatasi katikati hadi yule mwenye ndevu akaacha kucheka, akaanza kuja kuchungulia. Akisimama, alipiga kilima, mawingu na mara moja nguzo ya bendera. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliirudisha hasira nyumbani kama abiria wa tatu kwenye gari.

"Ninafanya vizuri kile kile walichonichekea," aliniambia njiani. "Hicho tu ndicho nilichonunua."

Dukani aliivaa bastola kiunoni, ndani ya koti lake la kazi, lakini bila magazini. Aliogopa kuketi kitini nayo imejaa. Sharjeri zote mbili za bastola alizifungia kwenye droo ya meza ya Séverin, kwa kuwa ndiyo droo pekee yenye kufuli la maana, katikati ya sharjeri za simu, zile za bei ambazo hatuzitundiki ukutani.

"Mama mdogo," nilimwambia, "umebeba mwavuli, kitambaa chake umekiacha nyumbani."

"Nikikihitaji nitaomba."

"Na wezi watasubiri?"

"Diploma yako si inasubiri mpaka leo?"



Walikuja Ijumaa mchana, mvua inanyesha, mtaa mtupu. Mimi nilikuwa stoo, mlango wazi, nahesabu makava ya simu. Mama Anaïs alikuwa nyuma ya kaunta amesimama, Séverin mezani kwake amefungua simu ya mtu. Waliingia watatu, kofia za majaketi zimevutwa hadi machoni, vitambaa mdomoni. Wa mbele alikuwa na nondo. Aliipiga kwenye mlango wa chuma kwa nguvu zake zote, na ule mlango ukalia kama bomu.

Mama Anaïs akashuka.

Lakini safari hii niliona. Goti la kulia, tusi. Goti la kushoto, tusi. Mkono ukaenda kiunoni, bastola ikatoka, mdomo wake ukatazama mbele, kidole nje. Kiwiko. Tumbo. Kama pale kilimani. Tangu mafuriko yale makubwa yaliyoikumba Durban, kaunta yetu imekaa juu ya matofali, na chini yake kuna nafasi ya kupitisha mkono. Akatazama kupitia hapo. Bastola ilikuwa tupu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka.

"Séverin!" akapiga kelele kutoka sakafuni. "Sharjeri!"

Sasa, elewa. Séverin amekaa kwenye ile meza miaka mingi. Kila siku, kutwa nzima, watu wanaingia na kusema neno hilo. Macho yalikuwa yamemtoka, lakini mdomo ulifanya kazi yake ya kila siku bila kumngoja.

"Ya iPhone ao ya Samsung?"

"Yangu! Nipe yangu!"

Simu ya Mama Anaïs ni Samsung. Séverin akafungua droo, akachambua, na katikati ya ujambazi, Mungu ni shahidi wangu, akachagua ile ya kuchaji haraka, orijino, akamtupia. Ikatua mbele ya pua yake na waya wake umefungwa vizuri.

Mama Anaïs akaitazama. Akatazama bastola. Sijui kama kuna lugha yenye tusi la kutosha. Najua tu kwamba hakulipata. Wa nondo alikuwa anacheka kwa woga, anauliza kwa Kizulu, "Yuko wapi? Huyu mama yuko wapi?" na anapiga kioo cha kaunta.

Ndipo nikaona shingo ya Mama Anaïs inakakamaa. Alikuwa anatazama viatu. Jozi tatu chini ya kaunta, zimelowa, na moja ilikuwa imefungwa kwa waya mweupe wa spika za masikioni, kichomeo chake kidogo bado kinaning'inia pembeni. Hata mimi niliujua ule waya. Ulitoka kwenye boksi letu la vitu vilivyokufa. Kamba ya kiatu ya Lwazi, kijana wa jirani, ilikatika mbele ya duka, na Mama Anaïs aliinama mwenyewe akampitishia waya huo, tundu kwa tundu, huku anamsema kwa kutembea kama mtu asiye na bibi. Na bibi anaye: Gogo MaNgcobo, anayeuza amagwinya pale kona, maandazi ambayo Mama Anaïs anayala kila asubuhi.

"Lwazi," alisema kutoka sakafuni.

Nondo ikasimama hewani.

"Lwazi wa MaNgcobo! Nimekuona! Huo waya nilikufunga mimi, kwa mikono hii! Umeingia kwangu na waya wangu?"

Sauti ilitoka chini ya kaunta kama kaunta yenyewe imechoshwa nao. Viatu vya Lwazi vikarudi nyuma hatua moja.

"Anakujua?" alisema wa nondo. "We, anakujua?"

"Nakujua na wewe!" Mama Anaïs alidanganya. "Naijua miguu ya mtaa huu yote! Nani amewaambia muingie? Nani? Nikiinuka hapa mtalala nyinyi! Mtalala!"

Lwazi aligeuka akakimbia. Wenzake wakatazamana, kisha wa nondo akaiacha nondo ikaanguka, wakatoka mbio kwenye mvua. Mama Anaïs akainuka na kitu pekee alichokuwa nacho, akakirusha. Sharjeri ya Samsung ikampata wa mwisho kisogoni, orijino, na plagi yake ya Afrika Kusini yenye miguu mitatu minene. Ninaamini aliisikia.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja nione kama yeye angecheka. Alimgeukia Séverin.

"Ningekufa na Samsung mkononi!"

"Mama, mais weye umesema sharjeri!"

"Sharjeri ya masasi, Séverin! Ya masasi!"

"Humu ndani tuko na sharjeri mia mbili! Ya masasi iko mbili tu! Mimi nijue namna gani? Ungesema magazini!"

"Magazini ni hii tumesimama ndani yake!"

Waligombana hivyo mpaka sauti zikaisha. Kisha Mama Anaïs akaenda kwenye droo, akachukua ile sharjeri ya kweli, nzito, imejaa. Akaishika. Akatazama nafasi iliyo chini ya kaunta, pale viatu vilipokuwa vimesimama, umbali ambao Pinetown hakosi hata mara moja.

"Ungenipa hii," alimwambia Séverin, na hakumaliza, na sisi hatukumsaidia kumaliza.  Akairudisha drooni, akaifungia, akaanza kufagia vioo akisukuma ufagio kama anayempiga mtu.

"Nilimfunga kiatu," alikuwa anasema. "Niliinama. Mimi, na magoti haya. Nikamfunga kiatu."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Gogo MaNgcobo kama kawaida. Nilimfuata kwa sababu niliogopa. Alinunua amagwinya zake, akauliza habari ya mguu wa Gogo, kisha akatoa mfukoni kamba za viatu, mpya, nyeusi, bado zina karatasi yake.

"Mpe Lwazi," alisema. "Mwambie zile nyeupe zinaonekana mbali."

Gogo akashukuru, akasema mtoto ana bahati ya kuwa na majirani. Mama Anaïs akasema ndiyo, bahati kubwa sana, na akauma andazi kana kwamba limemkosea.

Jumamosi tulirudi Pinetown. Anko Faizel alikuwa ameshasikia. Mimi ndiye niliyempigia simu, maana habari kama hiyo huwezi kukaa nayo peke yako. Alimtazama Mama Anaïs akifunga vizibo masikioni.

"Ulisimama au ulilala?"

"Nililala."

"Nani alikuambia?"

Alifikiri. Alilipekua swali lile kama anayepekua mfuko.

"Hakuna," alisema. "Hakuna mtu aliyeniambia."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama Anaïs akaenda kwenye mstari, akasimama, bastola tupu mikononi, mdomo wake ukitazama kilima. Pembeni yule mwenye ndevu akafyatua. Goti la kulia la Mama Anaïs likaenda chini. Akabaki hapo, goti moja chini na moja juu, akimtukana mtu kwa Kirundi, sijui nani, labda goti. Kisha akainuka. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Hardy, nipe shar..."

Akasita. Mkono wake ulikuwa wazi hewani, na nilikuwa nayo tayari, lakini nilingoja.

"Nipe ile inayoua," alisema.

Nikampa.